Shawa ya umeme kwenye nyumba za kupanga: waya kwanza, shawa baadaye

Kwenye nyumba nyingi za kupanga Nairobi, Kiambu na Nakuru, maji moto ya kuoga hutoka kwenye kichwa cha plastiki kinachoning'inia juu ya anayeoga. Wauzaji huiita instanti shawa. Zinazojulikana zaidi madukani ni za Brazil, kama Lorenzetti na Enerbras, na pembeni yake kuna majina kadhaa ya bei ya chini. Hapa tunaitathmini kama kifaa kinachofungwa ndani ya jengo la mtu mwingine, kwa sababu hapo ndipo hatari yake ilipo. Aliyezika waya ukutani ni mwenye nyumba. Anayesimama chini ya maji, mwili mtupu, ni mpangaji.

Tuanze na uamuzi. Shawa yenyewe ni nzuri kwa bei yake, ni rahisi kukarabati, na vipuri vyake vinapatikana hata kwenye hadiwea ya mtaa. Lakini katika jengo lisilo na waya wa ardhi unaofanya kazi na swichi ya RCD ya miliampea 30 (ile inayokata umeme ukivuja), usiifunge hata ukipewa bure. Ukiikuta tayari imefungwa, usiitumie mpaka mambo hayo mawili yarekebishwe.

Kilichomo ndani

Ndani ya kichwa cha shawa mna chemba ndogo ya maji, utando wa mpira na koili, yaani waya uliosokotwa unaopasha maji moto. Ukifungua bomba, msukumo wa maji huinua utando, utando ukasukuma ncha za shaba zikagusana, na umeme ukapita kwenye koili. Ukifunga bomba, utando hurudi na umeme hukatika. Haina tangi, na mtu hasubiri maji yachemke. Kuoga kwa dakika 8 kwenye moto wa juu hula chini kidogo ya yuniti moja ya tokeni, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kuipenda.

Katika aina nyingi za bei ya kawaida koili hiyo iko uchi. Waya wenye umeme umelala ndani ya maji yale yale yanayokumwagikia. Linashtua ukilisikia mara ya kwanza, lakini aliyeibuni alijua anachofanya: maji safi hayapitishi umeme vizuri, na kiasi kidogo kinachopenya hukusanywa ndani ya chemba na waya wa kijani, ndio waya wa ardhi, kikapelekwa ardhini kabla hakijafika kichwani mwako. Usalama wote wa kifaa hiki umetundikwa kwenye waya huo mmoja. Kwa hiyo fundi anayeukata waya wa kijani na kuukunja kwa tepu kwa sababu hakuona wa kuuunganisha ukutani amekifanya kifaa kuwa kitu kingine kabisa, kitu ambacho kiwanda hakikukitengeneza.

Hesabu ya waya

Kibandiko cha shawa ya kawaida husema wati 5,500 kwa volti 220, yaani ampea 25. Stima ya Kenya ni volti 240. Koili haibadiliki: ukinzani wake ni karibu omu 8.8, hivyo kwenye volti 240 inavuta ampea 27 na kutoa wati 6,500 hivi. Fundi anayepiga hesabu kwa kutazama kibandiko tu anaanza akiwa ameshapungukiwa.

Waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi, ukipitishwa ndani ya bomba la plastiki ukutani hubeba ampea 20 hadi 24, kutegemea ukuta wenyewe. Haufai. Wa milimita 4 huanzia 26 kwenye ukuta unaohifadhi joto hadi 32 kwenye ukuta wa kawaida, kwa hiyo uko ukingoni. Wa milimita 6 hufika 41, na huo ndio tunaopendekeza, ukilindwa na breka yake peke yake ya ampea 32. Laini hiyo isigawiwe soketi wala taa.

Tuseme kutoka kwenye bodi ya breka hadi bafuni ni mita 20. Waya wa 2.5 utapoteza karibu volti 10 njiani na kuacha joto la wati 265 ndani ya ukuta, kama balbu nne za zamani za wati 60 zilizozikwa kwenye plasta. Ganda la plastiki la waya hulainika, kisha hukauka na kupasuka. Dalili ya kwanza huwa ni harufu ya plastiki iliyoungua karibu na swichi ya shawa, au uso wa swichi kugeuka rangi ya chai. Waya wa 6 kwa umbali huo huo hupoteza volti 4 tu.

Mtego wa kawaida ni huu: breka ya 20 inaruka kila asubuhi, keateka anaita fundi, fundi anaweka ya 32 na waya unabaki ule ule wa 2.5. Breka ilikuwa ikisema ukweli. Sasa imenyamazishwa, na kitakachokatika kwanza ni waya. Mbaya zaidi ni shawa iliyotiwa plagi ya pini tatu na kuchomekwa kwenye soketi ya ampea 13. Fyuzi yake itaungua au plagi yenyewe itayeyuka. Swali ni lini.

Vipimo vya breka na unene wa waya vimefichwa ukutani na kwenye bodi. Mpangaji hana ruhusa wala uwezo wa kuvibadilisha, na ndiyo maana tunasema kosa likiwa hapo mlango wa kubisha ni wa mwenye nyumba. Vivyo hivyo kwa ploti ambayo vyumba vyote vinategemea laini moja ya Kenya Power yenye fyuzi ya ampea 60, kila chumba kikiwa na mita yake ndogo. Shawa mbili zikiwaka pamoja ni ampea 54. Ya tatu ikiwashwa saa kumi na mbili asubuhi ni 82. Umeme hushuka, taa hufifia, shawa zote hutoa maji ya uvuguvugu, na fyuzi ya kwenye nguzo au ya mita kuu huanza kuungua. Mwenye ploti anayetaka kuweka shawa hizi kila chumba aombe kwanza laini ya fezi tatu, agawe vyumba sawasawa kwenye fezi hizo, ndipo anunue shawa.

Waya wa ardhi, na kwa nini nondo peke yake haitoshi

Hapa ndipo majengo mengi yanapofeli, na hapa ndipo watu wanapokufa. Kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mwenye nyumba akiulizwa kama jengo lina athi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, mara nyingi huonyesha nondo ya shaba ya mita 1.2 iliyopigwa ardhini karibu na ukuta. Ni mwanzo tu. Chukua nondo nzuri yenye ukinzani wa omu 20 kwa udongo. Waya wenye umeme ukigusa chuma cha bomba, mkondo utakaokwenda ardhini ni volti 240 gawanya kwa 20, sawa na ampea 12. Breka ya ampea 32 haitashtuka hata kidogo. Kwake ampea 12 ni matumizi ya kawaida. Ili breka ya 32 ya aina B ikate papo hapo inahitaji ampea 160, na hilo linadai ukinzani wa omu 1.5, ambao nondo moja kwenye udongo wa kawaida haitoi. Kiangazi kikikausha ardhi, hata zile omu 20 huongezeka. Kwa hiyo bomba litabaki na umeme, breka ikitazama, hadi mtu alishike.

Kinachoziba pengo hilo ni RCD ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, inakata ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde, na kwa hitilafu kubwa haraka zaidi. Nondo na RCD ni mume na mke katika kazi hii. Nondo bila RCD tumeshaiona. RCD bila nondo hukata pale tu umeme unapopita mwilini mwa mtu, maana hauna njia nyingine. Inaokoa mara nyingi, lakini mtu ameshapigwa.

RCD ina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze angalau kila miezi mitatu, umeme ukiwa upo. Ikikata, irudishe juu. Isipokata, imekufa na ibadilishwe siku hiyo. Kubonyeza ni kazi ambayo mpangaji anaweza kuifanya kwa kidole. Kubadilisha ni ya mwenye nyumba. Kumbuka tu kwamba kitufe hupima RCD yenyewe, hakipimi nondo. Nondo hupimwa na fundi kwa kifaa chake. Usomaji chini ya omu 200 wakati wa kiangazi hutosha kwa RCD ya miliampea 30 kufanya kazi kwa uhakika, na ukishuka zaidi ni afadhali.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: nyaya za ardhi za vyumba vyote vya jengo hukutana. Klipu ya kwenye nondo ikilegea au mtu akaiba kipande cha shaba, vyumba vyote hubaki vimeunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe bila kwenda ardhini. Shawa ya jirani wa ghorofa ya tatu ikivuja umeme, utakaousikia kwenye bomba lako la ghorofa ya kwanza ni umeme wa jirani. Unaweza kununua shawa mpya ya gharama kubwa na bado ukapigwa. Mpangaji anayesema "bomba linanisisimua" hajaharibu chochote, na hapaswi kuambiwa anunue shawa nyingine. Zima meni swichi ya chumba, usioge, wajulishe majirani, na mwenye nyumba alete fundi akague jengo zima kuanzia kwenye nondo.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi tunaoupinga bila kusita: kuunganisha waya wa kijani na nyutro (waya unaorudisha umeme) nyuma ya shawa ili "kupata athi". Siku nyutro itakapokatika popote kati ya bafu na nguzo, mwili wa shawa na bomba lake vitapanda hadi volti 240 huku kila kitu kikionekana kizima.

Maji ya chumvi

Athi River, Kitengela, Syokimau, Rongai na sehemu kubwa ya pwani, maji ya kisima yana chumvi. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na koili iliyo uchi huvujisha zaidi. Matokeo ni mawili. Kwanza, RCD huanza kuruka kila shawa ikiwashwa. Pili, koili huliwa na kupata tabaka la chokaa, ikakatika baada ya miezi michache.

Dawa ni shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo koili yake imefunikwa ndani ya mrija wa chuma. Boksi lake huandikwa hivyo waziwazi, na muuzaji anayejua kazi atakuuliza maji yako yanatoka wapi kabla hajashusha boksi. Ni ghali kuliko ya kawaida. Kwa sehemu hizo tunaipa alama za juu, na ile ya kawaida tunaipa sifuri.

Kitu kisichokubalika ni kuondoa RCD kwa sababu "inasumbua". Mwenye nyumba aliyechimba kisima chake ndiye anayejua maji yana chumvi. Akiweka shawa ya koili uchi juu ya maji hayo, halafu akamwachia mpangaji mzigo wa kununua koili kila baada ya miezi mitatu, amemhamishia gharama ya uamuzi wake mwenyewe.

Presha, na tangi la juu

Utando unahitaji msukumo wa angalau mita moja ya maji, yaani sakafu ya tangi iwe mita moja juu ya shawa. Mita mbili ni bora. Katika jengo la ghorofa tano tangi likiwa juu ya paa, ghorofa ya chini hupata msukumo wa mita 12 au zaidi, na ya juu kabisa pengine mita moja na nusu. Hapo wapangaji wa juu hulalamika kwamba shawa "haishiki" au inawaka na kuzima. Shawa haina ubaya. Tangi liinuliwe juu ya jukwaa, au mwenye nyumba aweke pampu ndogo ya kuongeza presha. Ghorofa za chini zina shida ya upande wa pili: maji huja kwa kasi, hayapati muda wa kupata joto. Kwenye boksi mna kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza msukumo; mafundi wengi hukitupa pamoja na karatasi ya maelezo. Kitiwe pale maji yanapoingia kwenye shawa.

Joto la maji ni hesabu rahisi. Kwa wati 6,500, maji yakitoka lita 3 kwa dakika hupanda nyuzi 31 juu ya yalivyoingia. Kwa lita 4 hupanda 23. Kwa lita 5 hupanda 18 na kitu. Asubuhi ya Julai huko Limuru, maji yakiwa baridi kama jiwe, punguza bomba kabla hujasema shawa mbovu. Umeme nao ukishuka hadi volti 200 saa za jioni, nguvu hushuka hadi wati 4,500 hivi, na lita 4 zitapanda nyuzi 16 tu. Kama hilo linatokea kila siku kwenye jengo zima, rudi kwenye hesabu ya fyuzi ya ampea 60.

Kuifunga bila kuiua siku ya kwanza

Soma volti kwenye boksi. Brazil hutumia volti 127 katika miji kadhaa na 220 kwingine, na viwanda hutoa koili za aina zote mbili. Koili ya wati 5,500 ya volti 127 ikiwekwa kwenye 240 itavuta zaidi ya ampea 80 na kuungua hapo hapo. Tafuta pia alama ya KEBS, shirika la viwango. Vyote viwili hukaguliwa dukani, kabla ya kulipa.

Zima breka. Osha bomba kwanza kwa kuacha maji yatoke dakika moja, mchanga na vipande vya plastiki vitoke. Zungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba la nusu inchi, kaza shawa kwa mkono. Koleo hupasua plastiki. Bomba la kufungia maji liwe kabla ya shawa, lisiwe baada yake, maana maji yakifungiwa ndani ya chemba huku koili ikiwaka, chemba hupasuka. Unganisha waya wa kijani kwanza, kisha nyaya zile nyingine mbili, kwa konekta ya kauri. Kusokota nyaya na kufunga tepu, au kutumia konekta ndogo za plastiki za taa, huleta kiungo kinachopata moto, na hicho ndicho huungua mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika mfumo huu. Swichi iwe ya ampea 45, inayokata nyaya zote mbili, yenye taa nyekundu, na ikae nje ya bafu.

Sasa sehemu inayoua koili mpya: kabla ya kurudisha umeme, fungua maji yatoke baridi kwa nusu dakika hadi dakika nzima ili chemba ijae. Koili ikiwaka kavu hukatika kwa sekunde chache, na muuzaji hatakurudishia pesa kwa sababu alama ya kuungua huonekana wazi.

Mpangaji naye ana yake. Usigeuze kitufe cha joto maji yakiwa yanatoka. Funga maji, geuza, fungua tena. Ukigeuza wakati umeme unapita, ncha za shaba hutoa cheche, zikapata weusi, zikaanza kupata moto. Kitufe kinachoyeyuka kwa kawaida kimekufa kwa tabia hiyo. Kila mwezi fungua uso wa shawa wenye vitundu, usugue kwa mswaki mkuukuu na siki kidogo kama maji yana chokaa. Vitundu vikiziba, maji hubaki ndani na kuvuja juu, karibu na nyaya.

Nani anadaiwa nini

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 huingiza ahadi za mwenye nyumba ndani ya mkataba wa kupanga hata kama hazikuandikwa. Anayekodisha sehemu ya jengo anapaswa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu, vijia vya pamoja na mitambo ya pamoja. Tunavyokisoma sisi, nondo, meni swichi, waya unaopanda ghorofani, tangi na pampu ni mitambo ya pamoja bila ubishi. Kifungu hicho hicho kinasema nyumba ikiharibiwa na moto au ajali isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kodi husimama, yote au sehemu yake, mpaka ifae tena kukaliwa. Na isipofaa ndani ya miezi 6, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Kifungu cha 66 nacho hakimlazimishi mpangaji, anapohama, kurekebisha uchakavu wa kawaida. Koili iliyokatika baada ya miaka miwili ya kuoga ni uchakavu. Kuikata kwenye dipoziti si haki.

Kwa yaliyo ndani ya chumba, mkataba ndio uamue, na mikataba mingi iko kimya kabisa. Mgawanyo tunaouona wa haki ni huu: mwenye nyumba alipie shawa ya kwanza inayofaa maji ya jengo lake, waya, breka, RCD, swichi na konekta. Mpangaji alipie koili aliyoichoma kwa kuwasha bila maji, na kitufe alichokiyeyusha. Iandikwe kwa sentensi mbili kabla ya kusaini.

Hitilafu ikitokea, peleka taarifa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp kwa ajenti: tarehe, chumba, kinachotokea, picha ya bodi na ya swichi. "Shawa mbovu" haisaidii. Andika "bomba la bafu la chumba namba fulani linapiga mtu shoti, RCD haikati ikibonyezwa, naomba fundi mwenye leseni ya EPRA leo"; EPRA ni mamlaka inayosimamia nishati. Fundi akija, omba kuiona leseni. Kenya Power haiunganishi jengo jipya bila cheti cha nyaya kutoka kwa mkandarasi mwenye leseni, na kazi inayofuata haina sababu ya kushuka chini ya hapo. Usizuie kodi kwa uamuzi wako peke yako. Sheria ya Kukamatia Mali kwa Kodi, Sura ya 293, bado inampa mwenye nyumba njia ya kushika vitu vya mpangaji anayedaiwa. Mkikubaliana ukarabati ukatwe kwenye kodi, makubaliano yawe na kiasi na sahihi. Wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi hupeleka kesi zao kwenye Baraza la Kodi za Nyumba chini ya Sura ya 296. Kodi ikizidi hapo ni mahakamani.

Ukienda kuangalia nyumba

Dakika kumi zinatosha. Fungua bodi: tafuta breka ya shawa na usome namba, tafuta RCD na ubonyeze T mbele ya keateka. Angalia waya wa kijani unaotoka kwenye shawa kama umeingia ukutani au umekunjwa. Gusa uso wa swichi baada ya shawa kuwaka dakika tano. Uvuguvugu unavumilika, moto hapana. Washa shawa, jirani naye akiwa ameiwasha yake kama mnaweza, utazame taa. Bisibisi ya kupimia yenye taa haitoshi kuthibitisha athi: hukuonyesha penye umeme, haikuambii kama njia ya kwenda ardhini ipo.

Kama nyumba imeshindwa hapo na mwenye nyumba hataki kupasua ukuta kuweka waya mpya, hita ya tangi ya lita 50 yenye koili ya wati 1,500 ni mbadala mzuri. Huvuta ampea 6 tu, kwa hiyo waya wa 2.5 ulio mzima unaitosha. Huchukua kama saa moja na dakika arobaini kupandisha maji kutoka nyuzi 18 hadi 60, na koili yake imefunikwa. Bado inadai RCD na waya wa ardhi, pamoja na vali ya usalama ya kupunguza presha, ambayo mdomo wake usizibwe kamwe hata ukidondosha maji. Vali hiyo ifunguliwe kwa mkono mara mbili kwa mwaka ili isigande kwa chokaa, na tarehe iandikwe kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa tangi, mahali ambapo mpangaji anayefuata ataiona.